Saa nne Brussels: rudi Cantillon

Ndugu yangu, umesema una saa nne kati ya treni mbili stesheni ya Midi, nawe unajiuliza kama urudi Cantillon, kile kiwanda cha bia, au ujaribu baa mpya. Rudi. Ni mwendo wa miguu kama robo saa hadi Anderlecht. Angalia tu kwanza siku na saa za kufungua, maana si kila siku wapo.

Usiogope kwamba ladha haitakuwa ile uliyoikumbuka. Haitakuwa, na ndiyo raha yake. Pale hawatii hamira. Uji wa shayiri na ngano unaachwa upoe usiku kucha darini, kwenye sinia pana la shaba, na vijidudu vya hewani vinaanza kazi vyenyewe, kama mnazi unavyochachuka bila kuongezewa kitu. Ndiyo maana hupika miezi ya baridi tu. Bia hiyo huitwa lambic, na gueuze yao ni mchanganyiko wa lambic ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, kwa hiyo kila mchanganyo una tabia yake.

Safari hii usikimbilie kaunta. Zunguka kwanza kwenye mapipa ya mbao, uvute ile harufu, kisha kaa uagize lambic isiyo na povu, ndipo gueuze. Mimi ningeiacha kriek, yaani lambic ya cheri, iwe ya mwisho.

Chupa zikikushawishi, chukua mbili. Kama baadaye unapanda ndege, zifunge ndani ya nguo kwenye begi la kukabidhi, mkononi hazitapita.