Baba Anakatwa Ini: Nilivyowaeleza Wanangu Saratani, na Mahali Nilipokosea

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwamba mume wake amegundulika kuwa na saratani ya ini, na kwamba watoto wao wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 11, wameambiwa kuwa baba anasumbuliwa na vidonda vya tumbo. Aliniuliza jambo moja tu: aanzie wapi kuwaeleza ukweli? Nilikaa na ujumbe wake siku tatu bila kuujibu, si kwa kukosa la kusema, bali kwa sababu vidonda vya tumbo ndivyo nilivyowatajia wanangu mimi pia, kwa sauti ya upole ambayo bila shaka naye ameitumia.

Ilikuwa mwaka 2020, tukiishi Dodoma. Baba watoto alianza kushiba kwa matonge mawili, kisha akakonda, kisha yakaja maumivu chini ya mbavu za kulia. Safari za basi kwenda Dar es Salaam, foleni za maabara na fedha zilizokwenda nitaziruka, kwa kuwa mwenye mgonjwa wa namna hii anazijua. Kipimo cha damu kiitwacho AFP kilikuwa juu, na picha za CT zilionyesha uvimbe mmoja upande wa kulia wa ini. Daktari alisema kwamba sehemu ile inaweza kukatwa. Tuliporudi nyumbani kikaitishwa kikao cha ndugu, na uamuzi wa kwanza, kabla hata ya kuzungumzia nauli, ulikuwa kwamba watoto wasiambiwe. Mama mkwe wangu alisema mtoto habebeshwi mzigo wa wakubwa, wifi yangu akaunga mkono, nami nikanyamaza. Ukimya ule bado unaniuma kuliko mengi yaliyofuata.

Kijana wangu alikuwa na miaka 9. Katika majuma yaliyotangulia upasuaji aligeuka kuwa mtoto ambaye kila mzazi angemwomba Mungu ampatie: alichota maji bila kutumwa, alipiga rangi viatu vya baba yake ambavyo havikuwa vikivaliwa, na alikula chakula chote bila kuchagua. Wageni walimsifu, nami nilijivuna, nikidhani nimelea vizuri. Usiku mmoja nilimkuta amekaa sakafuni nje ya mlango wa chumba chetu, amevaa sare za shule, wakati hata saa tisa ilikuwa haijafika. Akaniuliza, "Mama, nikiendelea kuwa mzuri mpaka Ijumaa, hawatamkata?"

Ilinichukua muda kuelewa. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameipoteza simu ya baba yake, na bibi yake, kwa hasira, akamwambia, "Mtoto wewe unamkata baba yako maini!" Baadaye alinisikia nikiongea na dada yangu kwenye simu kwamba Ijumaa baba anakatwa ini. Mtoto akayaunganisha maneno hayo mawili, akajihukumu, akaanza kutumikia kifungo chake kimyakimya, huku sisi tukiamini kwamba tumemficha asipate mzigo.

Asubuhi yake sikuomba ruhusa ya kikao. Nilikwenda buchani nikanunua nusu kilo ya maini ya ng'ombe, nikayaweka kwenye sinia, nikawaita yeye na mdogo wake wa miaka 5, na baba yao akiwa ameketi pale pale kwenye mkeka. Nilianza na la bibi: kwamba kumkata mtu maini ni msemo, maana yake ni kumtia uchungu wa moyoni, na kwamba hakuna mtoto duniani ambaye utundu wake umewahi kumpa mtu saratani. Nikamtaka alirudie hilo kwa mdomo wake. Ndipo nikawaonyesha ini. Niliwaambia kwamba la baba lipo hapa, chini ya mbavu za kulia, na kwamba la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Kazi yake ni kusafisha sumu katika damu, kutunza sukari ya kutupa nguvu na kutengeneza nyongo ya kusaga mafuta. Niliwaambia kwamba mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambazo huzaana na kuacha zikishakuwa za kutosha. Za saratani haziachi. Kisha nikachukua kiazi kitamu chenye sehemu iliyooza, nikaikata ile sehemu pamoja na nyama nzima kidogo iliyoizunguka, nikasema, "Daktari atafanya hivi, na baba atakuwa amepewa dawa ya usingizi ili asisikie maumivu." Mdogo alilitazama ini, akamtazama baba yake, akauliza kama atakayefanya kazi hiyo ni mtu wa buchani. Baba yao alicheka mpaka akashika ubavu.

Ndugu zangu, taja jina la ugonjwa. Sema saratani, sema ini, sema upasuaji. Mtoto anayenyimwa neno hulitafuta mwenyewe, na analolipata huwa baya kuliko lile ulilomficha. Na chunguza maneno yako ya kila siku, kwa sababu lugha yetu ina mitego: binti yangu alipoambiwa "baba amelazwa" aliuliza ni nani aliyemlaza, na kwa nini hamwamshi.

Ila nami nilikosea, na sitaki kujitia usafi. Daktari alikuwa ameeleza kwamba ini lina uwezo ambao viungo vingi havina, yaani sehemu iliyobaki hukua ikaziba nafasi ya iliyokatwa. Nikawaambia watoto, kwa furaha ya aliyepata mfano mzuri, kwamba litaota tena kama mkia wa mjusi. Kijana wangu akawa anamvizia mjusi wa ukutani jikoni ambaye mkia ulikuwa umekatwa na mlango, na kila baada ya siku chache ananipa taarifa ya urefu. Nilichoacha kusema ni kwamba uwezo huo hupungua ini likiwa limejaa makovu, kama lilivyokuwa la baba yake, na kwamba saratani inaweza kuzuka upya katika sehemu iliyobaki. Miezi 14 baada ya upasuaji ilizuka, katika sehemu zaidi ya moja ya ini. Mtoto hakulia. Alisema tu, "Wewe ulisema kama mjusi." Mfano wowote utakaoutumia, useme na pale unapoishia.

Sasa nije kwa kikombe. Baba watoto alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo kwetu Afrika ni chanzo kikubwa cha saratani hii, na wifi yangu alipolisikia hilo alikitenga kikombe cha kaka yake, kile cha bati chenye ua jekundu, akakiweka peke yake dirishani. Siku moja binti yangu alikinywea maji, na ukelele uliopigwa ulisikika kwa jirani. Kuanzia hapo mtoto akaacha kumsogelea baba yake. Niliwakalisha tena, nikawaeleza kwamba saratani haiambukizwi kabisa, na kwamba virusi vile hupita zaidi katika damu, ndiyo maana wembe na mswaki wa mtu haviguswi, lakini havipiti kwenye kikombe, sahani wala kumbatio. Niliwaambia kwamba wao walichanjwa mara tatu katika miezi yao ya kwanza, chanjo ambayo nchi yetu huwapa watoto wachanga tangu mwaka 2002, na ambayo baba yao, aliyezaliwa miaka ya 1970, hakuipata. Tulipimwa sote, mimi nikachomwa sindano zangu tatu za chanjo. Jioni ile nilikitoa kikombe dirishani, nikamimina chai, nikanywa mbele ya wifi yangu bila kusema neno. Najua haikuwa adabu kamili, na ningeirudia leo.

Shuleni nako kulikuwa na lake. Mwenzake alimwambia kijana wangu kwamba wanaougua ini ni walevi, hali baba yake hakuwahi kuonja pombe. Nilimweleza kwamba pombe ni chanzo kimoja, kwamba vipo vingine, na kwamba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa kwenye mahindi na karanga zilizovunda, huongeza hatari sana kwa mwenye virusi vile. Jina hilo alilijua, kwa kuwa hapa kwetu Dodoma, na Manyara pia, watu walikufa kwa sumukuvu mwaka 2016. Tukaanza kuchambua karanga pamoja kwenye ungo, tukitupa zilizosinyaa na zenye ukungu. Hata hivyo nilimwambia jambo ambalo nawaomba nanyi muwaambie wenu: hata baba yake angekuwa mnywaji, mgonjwa hauguzwi kwa kumtafutia kosa, na mtoto habebi aibu ya ugonjwa wa mzazi.

Matibabu ya pili yalikuwa vidonge viitwavyo sorafenib. Safari hii niliwaambia watoto mapema kwamba dawa hiyo haiondoi saratani, bali huchelewesha kukua kwake, na kwamba huenda ikamchubua baba viganja na nyayo na kumharisha. Ilipotokea, hawakushtuka. Binti yangu ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta viganjani kila jioni, kidole kimoja kimoja, huku akimsuta kwa kutotulia. Tumbo lilipojaa maji na macho kuwa ya manjano, baba yao mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba ini limechoka na kwamba hatapona. Nilikuwa mlangoni, sikuingia. Alipofariki mwaka 2022 nilisema amekufa. Wakubwa walinikanya kwamba ningesema amelala. Niliwajibu kwamba mdogo ana miaka 7 na kila usiku namwambia alale.

Dada yangu uliyeniandikia, anza leo, baba akiwa bado ana nguvu ya kujibu maswali. Taja jina la ugonjwa. Nimelisema juu na ninalisema tena. Muulize kwanza mkubwa ni nini alichokisikia, kwa sababu hakika kipo alichokisikia, na usiahidi kupona ambako hukukatiwa stakabadhi. Wala usidhani utaeleza mara moja ukamaliza.

Binti yangu sasa ana umri ule aliokuwa nao kaka yake siku ya sinia la maini, na majuzi, tukimenya viazi, aliuliza upya baba alikufa kwa nini hasa, kana kwamba hajawahi kuambiwa. Nilifungua mdomo, kaka yake akanitangulia. Alichukua kiazi, akamweleza seli, virusi, makovu na upasuaji, kwa mpangilio bora kuliko wangu. Aliponiona nataka kuongeza neno, akaninyooshea kisu kwa upole.

"Mama, tafadhali, ya mjusi usimwambie."