Sahihi Sita za Usiku Mmoja

Nilikuwa askari jela miaka 26, na kuna usiku mmoja ambao nilikagua seli mara sita bila kuinuka kitini.

Aliyewahi kushika zamu ya usiku ananielewa. Kitabu kiko mezani, kimepigwa mistari: saa, hali, sahihi. Saa saba, shwari. Saa saba na nusu, shwari. Ikifika saa tisa kahawa imekwisha kwenye chupa, mwenzako ameegemea ukuta anakoroma, nawe unajiambia, aa, watu wamelala hawa, niwamulike na kurunzi kwa nini? Unachukua kalamu unajaza mpaka alfajiri. Fundi hubadilisha hata kalamu, hapa ya buluu, pale nyeusi, isijulikane kwamba kimeandikwa kwa mkupuo mmoja. Mimi nilikuwa fundi.

Usiku huo seli ya peke yake ilikuwa na mtu mwenye jina. Simtaji, wala gereza silitaji. Kesi yake ilikuwa ikizungumzwa Mombasa nzima, sokoni Kongowea mpaka barazani Majengo, na magazeti yalikuwa yamemweka mbele siku tatu mfululizo. Tulimtenga na wenzake "kwa usalama wake". Nimeyasema maneno hayo mara nyingi mno kazini. Sote tulidhani wa kumdhuru yuko upande wa pili wa mlango.

Alfajiri aliyepiga kelele ni nyapara wa uji. Mtu wetu akawahiwa, akaishi. Namna alivyojaribu siielezi, haimfai yeyote. Lakini nyapara hakupita pale kwa bahati. Jana yake mahabusu yule alikuwa amempa kikoi chake kipya na tasbihi ya marehemu babake, akamwambia, "Chukua wewe mzee, mimi sina haja navyo tena." Nyapara, mfungwa wa kifungo kirefu ambaye hata darasa la nne hakufika, hakupata usingizi. Mlango wa wadi ulipofunguliwa hakuanza na foleni. Alikwenda kwa yule kwanza. Na mimi mwenye sare, mwenye funguo, mwenye mshahara, nilikuwa nimeshaandika "shwari" mara sita.

Kwa kuwa aliishi, hakuna aliyekifungua kitabu.

Nilikuwa nimestaafu, niko zangu Likoni, habari za Jeffrey Epstein zilipokuja. Tajiri huyo wa Marekani, aliyekuwa akingoja kesi ya kuwasafirisha wasichana wadogo kwa ngono, alikutwa amekufa selini New York tarehe 10 Agosti 2019. Vijana wa mtaani wakabishana hadi usiku nani kamuua na kwa amri ya nani. Mimi nikawa nafuatilia kitabu. Julai 23 alikuwa tayari amekutwa ameumia shingoni, akawekwa chini ya uangalizi maalumu, na baada ya kama siku moja akaondolewa. Wataalamu wa jela waliagiza asikae peke yake. Mwenzake wa seli akahamishwa Agosti 9, hakuletwa mwingine. Askari wawili walitakiwa kumpitia kila nusu saa, nao walikuwa kwenye ovataimu, meza yao hatua chache tu na mlango wake. Mashtaka yakasema walikuwa wakitazama fanicha na pikipiki kwenye intaneti, kisha kwa saa mbili hivi wakaonekana kama wamelala. Fomu za doria zilikuwa zimejazwa zote. Mwaka 2021 walikiri kuzighushi, wakafanya makubaliano na waendesha mashtaka, kesi ikafutwa.

Nilisoma hayo mara mbili. Kamera na majina ya wakubwa niliyapita. Kwenye zile fomu nikaona mwandiko wangu.

Daktari wa serikali alisema Epstein alijiua, na ripoti ya mkaguzi mkuu wa wizara ya sheria ya Marekani ya Juni 2023 ikaeleza uzembe wa jela hatua kwa hatua. Wengi hawajakubali mpaka leo, na siwashangai, maana kitabu kikishadanganya mara moja, nani atakiamini kikisema kweli? Uzembe ule ule uliomwacha mtu afe ndio uliofanya kifo chake kisielezeke. Ndiyo maana mtu akiniambia "lakini alijiua mwenyewe", kana kwamba mambo yamekwisha, namuuliza nani alikuwa zamu.

Tena neno hilo lina mazoea mabaya huku kwetu. Juni 2025 mwalimu na bloga Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akapelekwa hadi kituo cha Central, Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia, na maofisa wakashtakiwa kwa mauaji. Bila ya ule uchunguzi wa maiti, leo tungekuwa tunasema "maskini, alijigonga".

Sasa niseme na wewe mwenye mtu wako ndani.

Wahi. Siku za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, hasa kwa mtu aliyekuwa na heshima mjini na sasa kila simu ina picha yake akiwa na pingu. Saa nyingine za hatari ni jioni ya siku aliyonyimwa dhamana au kuhukumiwa, na siku aliyopata habari mbaya ya nyumbani. Nimewaona wakirudi mahakamani na lori: mwenye kutukana na kulia hunipa moyo kidogo, anayeingia kimya, ametulia ghafla kama aliyemaliza shughuli, huyo mwangalie. Na anayegawa vitu vyake, basi mimi sina la kuongeza juu ya yule nyapara.

Ukipewa dakika zako kumi za kuonana naye, usizimalize kwa mawakili na pesa. Sisi watu wa pwani tuna adabu ya kuzunguka, waonaje, hujambo, alhamdulillahi, mpaka kengele inalia. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali halimtii mtu wazo asilokuwa nalo. Nimeliuliza baadaye kwa wengi, na zaidi ya mmoja alishusha pumzi kama niliyemtua gunia.

Akijibu ndiyo, au moyo wako ukikuambia ndiyo, usimnong'oneze askari wa mlangoni kisha uende zako. Maneno ya mlangoni hufa zamu ikibadilika. Kituoni, taka iandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na uondoke na namba yake. Gerezani, andika barua kwa mkuu wa gereza, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwambie wakili aseme mbele ya hakimu, iingie kwenye kumbukumbu za kesi, na aombe amri ya daktari. Omba asilale peke yake. Utaonekana msumbufu. Nakuambia kama niliyekuwa ndani: mahabusu ambaye dadake ana nakala yenye muhuri, tulikuwa tunamwendea na kurunzi kweli.

Zamani watu waliogopa kusema, maana kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Yule mtu wetu angeweza kuongezewa shtaka akiwa bado kitandani hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kinakiuka katiba. Hofu hiyo iache. Na kama mzigo umekulemea wewe mwenyewe uliye nje, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, au Befrienders Kenya, 0722 178 177.

La mwisho ni zito, na kwa Waislamu wenzangu ni zito zaidi. Mtu akifa ndani, jamaa hutaka azikwe kabla ya alasiri, na wapo wanaohimiza haraka hiyo kwa sababu zao. Sababu nyingine ya haraka ni aibu: jamaa wanaogopa maiti atakataliwa sala. Wanavyuoni walio wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwamo, wanasema husaliwa. Basi subirini kidogo. Ombeni uchunguzi wa maiti, daktari wenu awepo. Kifungu cha 387 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka hakimu achunguze kifo cha mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi au gerezani. Liulizieni hilo kwa maandishi, na kama ni polisi, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ijulishwe siku hiyo hiyo. Familia ya Ahmed Timol, aliyekufa mikononi mwa polisi Johannesburg mwaka 1971, iliambiwa na mahakama kwamba alijirusha kutoka ghorofa ya 10. Mwaka 2017 ndipo jaji aliposema alisukumwa. Miaka 46, na mamake alikuwa ameshakufa.

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu alikuja kuniaga, amepata ajira ya magereza. Nikamhadithia usiku wangu, kalamu mbili na yote. Akanisikiliza, halafu akauliza kwa heshima, "Sasa mzee, na siku tukiwa wawili, wafungwa mia tatu, miguu haiendi?"

Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Saa tisa, sikuzunguka, tuko wawili. Atie sahihi.