Kabla Hujanunua Mashine ya Pili ya Kufua

Mvua ya Kakamega kila mtu anaijua. Asubuhi jua linawaka, unaanika vizuri. Ikifika saa tisa wingu limeshapanda upande wa msitu na mtaa mzima unakimbilia kamba. Mimi nina dobi ndogo huku Lurambi. Wateja wangu ni wanafunzi wa chuo kikuu, gesti mbili, na familia ambazo mama fua wao ameapa hagusi duveti.

Nilianza na mashine moja ya kilo 8. Nguo zikawa zinarundikana, nikaona dawa ni mashine ya pili. Nikakopa kwenye chama shilingi 68,000. Wiki mbili nilitembea kifua mbele. Kisha Aprili ikaingia, nikajikuta na mabeseni kumi na moja ya nguo safi, mbichi, zisizo na pa kuanikwa. Shuka za gesti zilikaa siku mbili zikaanza kunuka uvundo. Nikazifua upya kwa sabuni yangu na tokeni zangu. Mwenye gesti hata hakunigombeza. Alimtuma kijana achukue shuka zake, na mwezi mzima sikumwona.

Foleni yangu haikuwa kwenye kufua hata kidogo. Kwa hivyo kabla hujauliza bei ya chochote, chagua siku moja ya mvua, uandike kila fungu la nguo limeingia mashineni saa ngapi, limetoka saa ngapi, limekauka saa ngapi. Kwangu kufua kulikuwa dakika hamsini. Kukausha, siku moja na nusu.

Fundi wangu ndiye aliyenifungua macho, na hesabu yake naikumbuka mpaka leo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwa hita kunakula zaidi ya nusu yuniti ya umeme, karibu 0.63, na hapo bado hujahesabu joto linalopotea. Lita hiyohiyo ukiitoa kwa kuzungusha nguo kwa kasi, ni dakika chache tu za mota. Nguo kilo 8 zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika, hutoka na maji kama lita 5 na nusu. Zikikamuliwa kwa 1,400, hubaki na kama lita 4. Kwa mafungu kumi kwa siku, hizo ni lita 15 ambazo hulipii kuzikausha: zaidi ya yuniti 9. Na hata ukianika kwenye kamba tu, nguo zilizokamuliwa hivyo zinaiwahi ile mvua ya saa tisa.

Nikanunua mashine ya kukamua, ya mtumba, 85,000, kutoka Kisumu. Ngoma tupu, mota, mfuniko, basi. Ukipata ya mtumba, angalia kwanza kufuli ya mfuniko. Isiyo na kufuli iache hata ukipewa bure, maana ngoma inayozunguka kwa kasi ile haimwachii mtu mkono. Ifungwe kwa bolti kwenye zege, na nguo zipangwe sawasawa pande zote. Siku ya kwanza mimi nilitupia duveti upande mmoja. Jirani anayeuza chapati alitoka nje akidhani ni tetemeko.

Mashine ya kukaushia ilifuata baadaye, ya gesi. Nilitamani ile kubwa ya umeme, ila ilihitaji umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, na jengo letu lina fezi moja. Uliza hilo kabla ya kulipa amana. Mtungi unakaa nje, bomba la hewa moto linatoka nje, na chujio la nyuzi linasafishwa kila fungu, kwani nyuzi hizo zikijaa zinashika moto.

Maji je? Mvua hiyohiyo inayotuharibia kuanika inashuka bure. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa langu la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linanipa lita 1,200, na maji ya mvua hayasumbui sabuni. Tangi liinue juu kadiri unavyoweza, au uweke pampu ndogo, la sivyo mashine itangoja maji yaingie mpaka ikate tamaa.

Ile mashine ya 68,000 niliiuza kwa hasara ya 20,000 kwa dobi mmoja wa Mumias. Nilimweleza yote haya tukiwa tunaipakia kwenye pikapu. Akacheka, akasema kwake shida ni kufua tu. Mwezi wa Mei alinipigia simu, akauliza ile ya kukamua niliipata kwa nani.