Mfalme Hatembei kwa Rula: Kwa Vijana Mnaotupa Pointi Mwisho wa Mchezo

Vijana wangu, nimewatazama tena mkicheza sataranji (chess) wikendi hii hapa Nairobi, na nimeona afadhali niandike kuliko kupiga kelele ukumbini. Mnajua ufunguzi wa Sicilian mpaka hatua ya kumi na tano. Mnajua mitego ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuisikia. Lakini malkia wakishatoka ubaoni, kila mmoja wenu huanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza, “akienda hapa nakwenda pale, akija huku narudi kule,” huku saa ikiteketea, na mwishowe huchagua hatua kwa imani tu. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo haihitajiki. Ubao una maumbo, nayo maumbo huonekana kwa jicho kabla akili haijaanza kujumlisha. Nitayataja yale yanayowagharimu pointi kila mwezi, na mtanivumilia nikichelewa mahali.

1. Mraba wa askari. Hili mnalijua, au mnadai mnalijua. Askari ni ile kete ndogo iendayo mbele tu; akifika mstari wa mwisho hugeuka malkia, kwa hiyo swali ni kama mfalme wa adui atamwahi. Kutoka alipo askari, vuta mshazari kwa jicho mpaka mstari wa mwisho, na hapo utakapogota ndipo ilipo pembe ya mraba wake. Herufi a hadi h ni safu za wima, na nambari 1 hadi 8 ni mistari ya mlalo. Askari mweupe aliye a4 hugota e8, kwa hiyo mraba wake ni a4, e4, e8 na a8; mfalme mweusi anayeweza kuingia humo kwa zamu yake atamkamata, na asiyeweza hatamkamata, na hakuna haja ya vidole. Mnasahau mambo mawili. Kwanza, askari ambaye bado hajasogea hupimwa kana kwamba yuko mstari wa tatu, kwa kuwa ana ruhusa ya kuruka visanduku viwili. Pili, mfalme anayekimbiza huchelewa iwapo askari wa upande wake mwenyewe amesimama juu ya mshazari anaoupita. Juzi mmoja wenu, ambaye anajijua, alisalimu amri wakati mfalme wake ameshaingia ndani ya mraba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, na kanuni hazinipi ruhusa hata ya kukohoa.

2. Visanduku vitatu mbele. Mkiwa na mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu, acheni kumsukuma askari kama mtu anayefukuzwa. Askari aliye e4 ana visanduku vyake vitatu, d6, e6 na f6, yaani mistari miwili mbele yake. Mfalme wake akikikalia kimoja kati ya hivyo, ushindi upo bila kujali ni zamu ya nani. Askari akishafika mstari wa tano, visanduku hivyo huwa sita, vya mstari wa sita na wa saba. Yale makabiliano ya wafalme mnayoyaimba, wafalme wakitazamana na kisanduku kimoja katikati, ni ufunguo tu wa kuingilia humo, na mwenye kuyapata bila kujua anataka kuingia wapi huishia kucheza ngoma ya kurudi nyuma. Askari wa pembeni ana sheria yake: kwa askari wa safu ya a, visanduku hivyo ni b7 na b8, basi. Mfalme atangulie, askari afuate.

3. Mstari ulionyooka si mfupi zaidi. Hapa nitakaa.

Shuleni mlifundishwa kwamba pande mbili za pembetatu zikijumlishwa huzidi upande wa tatu. Ni kweli kwa mashamba na kwa barabara, lakini si kweli kwa mfalme wa sataranji, kwa sababu hatua ya mshazari humsogeza safu moja na mstari mmoja kwa wakati mmoja. Mfalme akitoka a1 kwenda a7 kwa kunyooka hutumia hatua sita. Akitoka a1 kupitia b2, c3, d4, c5 na b6 mpaka a7, akiwa ametembelea katikati ya ubao na kurudi, hutumia hatua sita vilevile. Umbali wake ni tofauti ya safu au tofauti ya mistari, ile iliyo kubwa, na ndogo husafiri bure. Maana yake ni kwamba mara nyingi ana njia kadhaa zenye urefu mmoja, na swali la kujiuliza ni njia ipi inafanya kazi ya ziada.

Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa naweza kulieleza kwa ufasaha kuliko ninavyoeleza sasa, na nililieleza mara nyingi kwa watu ambao hawakuniuliza. Kisha ikaja mechi ya timu ambayo meza nyingine zote zilikuwa zimemaliza, matokeo yakiwa sawa, na mchezo wangu ndio uliobaki. Mpinzani wangu alikuwa mzee mpole aliyevaa koti zito, mtu wa kunywa chai taratibu na kuandika kila hatua kwa mwandiko wa karani wa zamani. Tulipomaliza kulana, nilibaki na mfalme e6 na askari a6. Yeye alibaki na mfalme c3 na askari a7. Zamu ilikuwa yangu. Wenzangu walikuwa wamenizunguka, na nilihisi kwamba wanasubiri nimalize ili tuwahi matatu kabla nauli haijapanda kwa sababu ya mvua.

Nikahesabu. Kutoka e6 mpaka a7 ni hatua nne. Niende d6, c6, b7, kisha nimle askari wake. Halafu wangu atageuka malkia. Jicho langu likapenda mstari ule ulionyooka wa e6 na d6, unaoonekana nadhifu. Nikamweka mfalme d6 na kubonyeza saa kwa kishindo cha mtu aliyekwisha kushinda. Nilikuwa na dakika nyingi zilizosalia, vijana wangu. Sikuwa nimebanwa na muda. Nilikuwa nimebanwa na watu waliokuwa wakinitazama.

Mzee akaenda d4. Nilidhani anasogea kwa kukata tamaa. Nikaenda c6, naye akaenda e5. Hapo ndipo tumbo likanishuka, kwa kuwa niliona kwamba hanifuati, bali ananizunguka. Nikaenda b7, yeye d6. Nikamla askari wa a7, yeye akatua c7, na mfalme wangu akawa amefungiwa kwenye pembe pamoja na askari wake mwenyewe. Nilijaribu a8, akaenda c8; nikasukuma a7, akarudi c7; na nikawa sina hatua halali hata moja huku hakuna anayenitishia. Sare. Mzee alinipa mkono, akasema kwa sauti ndogo, “Kijana, ungepitia d5,” kisha akarudi kwenye chai yake. Wenzangu hawakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ndani ya matatu mmoja wao alijadili hali ya hewa kutoka Ngara mpaka Roysambu, na mimi nilimshukuru kimoyomoyo huku nikimchukia.

Tazameni d5 sasa. Kutoka e6 mpaka a7 kupitia d5, c6 na b7 bado ni hatua nne, lakini mfalme aliye d5 anavifunga c4, d4 na e4, kama makanga aliyesimama mlangoni: anasafiri, na wakati huohuo hakuna anayeingia. Mfalme wa mzee hulazimika kupita b4 au d3, na kwa vyovyote huchelewa hatua moja. Nikishamla askari wa a7, yeye yuko c6 tu wala si c7. Mimi naenda b8 na askari wangu anapita. Tofauti yote ya pointi nzima na nusu pointi ilikuwa kisanduku kimoja cha mshazari.

Baadaye niligundua kwamba mkao huohuo, na kosa hilohilo, ulitokea Berlin mwaka 1921, Schlage akicheza na Ahues. Nilifarijika kidogo, jambo ambalo halinipi sifa. Mwaka huohuo Richard Réti alichapisha fumbo lake maarufu, ambalo kila mmoja wenu anapaswa kuliweka ubaoni leo usiku kabla ya kufungua simu: mfalme mweupe h8, askari mweupe c6, mfalme mweusi a6, askari mweusi h5. Nyeupe inaanza na inapata sare. Mfalme mweupe yuko nje ya mraba wa askari wa h5 kwa hatua mbili kamili, na askari wake mwenyewe yuko karibu kuliwa, kwa hiyo kwa hesabu ya vidole ameshakufa. Lakini anashuka g7, f6, e5, na kila hatua inamkaribisha kwa askari wote wawili kwa pamoja. Mweusi akimla askari wa c6, mfalme mweupe anatua f4 na ameshaingia mrabani. Mweusi akimsukuma askari wake mbele, mfalme mweupe anatua d6 na kumsindikiza wa c6, na pande zote mbili hupata malkia. Msiridhike kulisoma. Lisogezeni kwa mkono, mara kwa upande wa mweupe, mara kwa upande wa mweusi, mpaka mshazari ule wa kutoka h8 muuone bila kuutafuta.

4. Pembetatu. Ikiwa mkao ungekuwa ushindi kwenu lau zamu ingekuwa ya mpinzani, tafuteni visanduku vitatu vinavyogusana ambavyo mfalme wenu anaweza kuvizunguka kwa hatua tatu wakati mfalme wake ana njia ya hatua mbili tu. Mfano wa kufanyia zoezi: nyeupe ina mfalme d5 na askari a5 na c6, nyeusi ina mfalme c8 na askari a6. Mkienda d6 moja kwa moja hamfiki popote. Nendeni c4, kisha d4, kisha d5, na mtakuta kila kitu kimerudi palepale isipokuwa zamu. Kijana mmoja aliniuliza kama huko si kudanganya. Nilimpenda sana kwa swali hilo, na nikamwambia afanye hivyo kila anapopata nafasi.

5. Pembe na rangi. Askofu huenda kwa mshazari na hatoki kwenye rangi yake. Mwenye askofu na askari wa pembeni ana uhakika wa kushinda pale tu askofu anapoitawala rangi ya pembe ya kugeukia malkia. Askari mweupe wa safu ya h na askofu wa visanduku vyeupe ni sare mara mfalme mweusi anapoingia h8, hata mkicheza mpaka mlinzi azime taa.

6. Farasi. Mfalme wenu akisimama kwenye mshazari mmoja na farasi wa adui, kukiwa na kisanduku kimoja katikati, farasi huyo anahitaji hatua tatu ili ampige shaha, yaani amtishie mfalme. Sekunde zikiwa zimebaki kumi, kumbukeni hilo tu.

7. Ngome. Nimechoka kuwaona mkibadilishana ngome, kete iendayo kwa kunyooka, ili “kurahisisha,” kabla hamjaangalia kama mchezo wa askari unaobaki unashindwa au unashinda. Pimeni kwa nambari ya kwanza na ya pili hapo juu, ndipo mguse ngome. Mkiwa mnajitetea dhidi ya ngome na askari, na mfalme wenu yuko mbele ya askari huyo, wekeni ngome kwenye mstari wa tatu kutoka upande wenu na mtulie hapo. Askari akiukanyaga mstari huo, ngome iende mwisho wa ubao ikapige shaha kutoka nyuma, kwa kuwa mfalme wake hana tena pa kujificha. Huo ndio ulinzi wa Philidor, bingwa wa Ufaransa wa karne ya kumi na nane. Na mkiwa nyinyi wenye askari kwenye mstari wa saba, mfalme wenu akiwa mbele yake na mfalme wa adui amekatwa kwa safu, ngome yenu iende mstari wa nne. Mkao huo hupewa jina la Lucena, mwandishi wa Kihispania, ingawa haumo katika kitabu chake cha 1497 bali katika cha Mwitaliano Salvio cha 1634, na mkilitaja jina lake mbele ya mzee yeyote wa klabu mtapewa somo hilo la historia mpende msipende. Mfalme atoke, apigwe shaha, ashuke kisanduku kwa kisanduku akimlinda askari wake, na shaha ya mwisho ikija, ngome iliyokuwa ikingoja mstari wa nne isimame katikati.