Punje za tapioka zikikaza, mteja harudi

Pole, dada. Umesema duka lako la Kisumu linasifiwa kwa keki na skonzi, lakini wateja wanaacha chai ya tapioka (ile yenye punje za kutafuna, "bubble tea") nusu glasi wakilalamika punje ni ngumu. Tena unazichemsha asubuhi na kuzihifadhi kwenye friji. Hapo ndipo penye tatizo! Punje hizo ni wanga wa muhogo, na wanga ukipoa hukaza, kama ugali wa jana. Chemsha kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, uziloweke kwenye sukari nguru iliyoyeyushwa, nje ya friji. Zikipita masaa manne zitupe, hata kama roho inauma. Ng'ata moja kabla ya kuuza: ivutike kidogo menoni, isiwe na kiini cheupe cha unga.

Na yule mama aliyeuliza, "Hivi vitu vyeusi ni nini?" usimwone mshamba. Mwambie ni muhogo, zao lile lile linalolimwa Busia, na kinywaji kilianzia Taiwan miaka ya 1980. Mwonjeshe kijiko kimoja bure. Ila watoto wadogo wape chai bila punje, tafadhali. Punje huweza kuwakaba koo.