Miche ya ndani ikigeuka njano na kudumaa, anza na mizizi

Trei ya kwanza niliyoipoteza yote ilikuwa na vikombe 24 vya nyanya. Mbegu zilichomoza siku ya 6 hivi, zikasimama wima chini ya taa kama askari wa gwaride. Wiki mbili baadaye zikagoma. Jani la kwanza halisi lilitoka, la pili likachungulia, halafu basi. Kila asubuhi nilichuchumaa mbele ya rafu nikitafuta badiliko, na badiliko lenyewe likawa la rangi tu: kijani kikafifia hadi rangi ya ndimu, na ndimu nayo ikaiva.

Nikafanya wanachofanya wengi wetu tukiwa wageni wa kazi hii. Nikajiambia miche ina njaa, nikakoroga mbolea ya maji, nikamwagilia. Siku ya 3 ncha za majani zikaungua. Nikaogopa, nikaongeza maji ili nioshe ile mbolea. Wiki haikuisha, trei nzima ikaishia kwenye ndoo ya takataka. Kabla ya kuitupa niling'oa mche mmoja kwa udadisi. Udongo ulitoka umeshikana kama tope, unanuka mtaro. Mizizi ilikuwa michache, rangi ya chai, na nilipoivuta kwa vidole ganda lake likachomoka likabaki katikati uzi mwembamba. Miche ile ilikuwa inazama majini, na mimi nikawa nailisha.

Tangu siku hiyo sigusi chupa ya mbolea kabla sijaona mizizi. Nimeotesha nyanya, pilipili hoho na biringanya ndani ya nyumba kwa misimu mingi sasa, na nikihesabu mara ambazo umanjano ulitokana na maji kuzidi, ni nyingi kuliko sababu nyingine zote nikizijumlisha.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mche uliolewa maji unafanana kabisa na mche wenye njaa. Mizizi inapumua kama sisi. Udongo mzuri una vijitundu vya hewa, na ukimwagilia kila siku vijitundu hivyo hujaa maji, oksijeni ikapungua, mizizi ikaacha kufanya kazi. Chakula kinaweza kuwa tele palepale kando ya mzizi na jani likageuka njano kwa kukikosa. Ukiongeza mbolea hapo, unaongeza chumvi kwenye udongo ambao mizizi yake tayari ni dhaifu, na ndiyo hizo ncha kuungua.

Njia yangu ya kupima ni ya kizamani, lakini haijaniangusha. Kila msimu najaza kikombe kimoja mchanganyiko uleule ukiwa mkavu, bila mbegu, nakiweka mwisho wa rafu. Nikitaka kujua kama miche ina kiu, nanyanyua kikombe chake kwa mkono mmoja na kile kikavu kwa mwingine. Vikikaribiana uzito, namwagilia. Cha mche kikiwa kizito, naondoka. Kidole juu ya udongo hudanganya, kwa sababu sentimita moja ya juu huweza kukauka huku chini kukiwa kisima.

Kuna dalili nyingine za maji kuzidi ambazo hazihitaji kung'oa kitu. Majani hulegea na kuinamia chini huku yakiwa mazito na yamejaa, tofauti na mche wenye kiu ambao majani yake huwa laini na mepesi kama karatasi. Juu ya udongo huota utando wa kijani. Halafu vinatokea vile vijinzi vyeusi vidogo vinavyoruka ukigusa kikombe. Vyenyewe havina ubaya mkubwa, lakini viluwiluwi vyao huishi kwenye udongo mbichi na hutafuna mizizi michanga. Ukiviona, jua udongo wako haukauki. Angalia pia matundu ya chini. Niliwahi kutumia vikombe vya plastiki vyenye tundu moja katikati, na tundu hilo likazibwa na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi ninaooteshea) siku ya kwanza tu. Sasa natoboa manne au matano kwa msumari wa moto, mengine ubavuni karibu na kitako. Na usimpe mche mdogo sufuria kubwa ukidhani unamwonea huruma. Mizizi yake haiwezi kunywa maji yote yale, kwa hiyo yanakaa tu.

Dawa yake ni kuacha kumwagilia na kusogeza hewa kidogo. Nyanya changa hustahimili ukavu kuliko unavyodhani. Mizizi ikiwa bado ina sehemu nyeupe, huamka yenyewe. (Mche ambao shina lake limebanika na kuoza usawa wa udongo, ukaanguka ungali na kijani chake, ni habari nyingine. Huo umepatwa na kinyausi. Hauponi, utoe haraka pamoja na udongo wake.)

Sasa tuseme umenyanyua kikombe, ukaona ni chepesi, mizizi ni myeupe, na bado majani ni ya njano. Hapo ndipo uangalie ni jani lipi lililoanza.

Naitrojeni ikipungua, mche huihamisha kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi. Kwa hiyo njano huanza chini, jani zima pamoja na mishipa yake, kisha hupanda taratibu. Magnesiamu nayo huhamishika, hivyo huanza chini vilevile, ila mishipa hubaki kijani na nyama ya katikati ndiyo inayopauka. Chuma hakihamishiki. Kikikosekana, jani jipya kabisa pale kileleni hutoka njano na vimishipa vyake vya kijani vikionekana kama wavu, wakati majani ya chini yako salama. Ukishika hili moja tu, la chini au la juu, umeshapunguza nusu ya kubahatisha.

Ila usiyahesabu yale majani mawili ya mwanzo kabisa, membamba, yaliyotoka na mbegu. Hayo ni ghala la chakula. Mche ukishapata majani halisi mawili matatu, ghala hilo huisha, likageuka njano na kudondoka. Watu huniletea picha za miche yenye afya tele wakilia kwa ajili ya majani hayo. Yaache yaende.

Njaa ya kweli ya naitrojeni ipo, na mara nyingi huwapata wanaotumia kokopiti tupu au pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi), kwa sababu ndani yake hamna chakula cha kutosha. Hapo mbolea ya maji inafaa, lakini kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki, baada ya majani halisi ya kwanza kufunguka. Robo. Nusu ya kipimo naianza mche ukiwa na majani manne au zaidi. Njaa nyingine hutokana na mboji isiyoiva, hasa yenye maranda ya mbao. Vijidudu vinavyoozesha maranda huhitaji naitrojeni, na huichukua kabla ya mche wako. Mboji iliyoiva hunuka kama msitu baada ya mvua na haitoi joto. Ukitambua bado vipande vya ulichokitupa humo, iache ikae.

Kisa cha chuma kilinisumbua msimu mzima. Hoho zangu zilikuwa na mizizi mizuri, maji nilikuwa nimeshajifunza, mbolea napima kwa bomba la sindano, na bado kila jani jipya lilitoka njano lenye wavu wa kijani. Nilibadilisha mbolea mara mbili. Jibu nilikuja kuliona jikoni, nikisugua birika. Ndani yake kulikuwa na ukoko mweupe mgumu kama chokaa, na maji yaliyoacha ukoko huo ndiyo niliyokuwa nawanywesha miche. Maji magumu yana baikaboneti, aina ya chumvi, na kila unapomwagilia hupandisha kidogo pH ya udongo (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua). Kikombe kidogo cha mche hakina ubavu wa kuzuia hilo. Kwenye mchanganyiko wa kokopiti au pitimosi, miche hujisikia vizuri pH ikiwa kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda juu ya 7, chuma kipo lakini kimefungwa, mzizi hauwezi kukichukua. Karatasi za kupima zilinionyesha nilikuwa karibu na 8. Nikaanza kukinga maji ya mvua. Jani la tatu lililotoka baada ya hapo lilikuwa kijani. Kama mvua hakuna, matone machache ya maji ya ndimu au siki nyeupe kwenye ndoo husaidia, mradi upime kila mara na usikadirie kwa macho.

Na hapa nirudi nyuma kidogo: udongo ulioloa na wenye baridi huweza kuleta njano hiyohiyo ya kileleni hata kama maji yako ni laini, kwa sababu mzizi uliozubaa hauchukui chuma. Ndiyo maana nasisitiza kikombe kinyanyuliwe kwanza.

Baridi yenyewe watu huidharau. Wanapima joto la chumba, wanasahau kwamba udongo mbichi hupoteza joto maji yanapokuwa mvuke, hivyo huwa baridi kuliko hewa inayouzunguka. Chomeka kipimajoto ndani ya kikombe. Nyanya hukua vizuri udongo ukiwa nyuzi 18 hadi 24, hoho hupenda zaidi ya hapo, na chini ya 15 hoho karibu isimame kabisa, wala mbolea haitaisukuma. Nyanya yenye baridi hupata rangi ya zambarau mgongoni mwa majani, kwa kuwa fosforasi haipandi. Wengi hununua fosforasi. Mimi nilinyanyua trei kutoka sakafuni nikaiweka rafu ya juu, na zambarau ikaisha kwenye majani yaliyofuata.

Kuhusu taa, nina kosa moja la kukiri. Kuna wakati niliona kuizima usiku ni kupoteza muda, nikaiacha iwake saa 24. Nyanya haiwezi hilo. Ni miongoni mwa mimea inayodhurika na mwanga usiokatika: majani hupata mabaka ya njano, hukakamaa, ukuaji hupungua badala ya kuongezeka. Saa 14 hadi 16 za mwanga zinatosha, kisha giza. Taa ikiwa karibu mno, majani ya juu tu ndiyo hupauka, karibu meupe, na kingo hujikunja kwenda juu. Taa za LED hazichomi mkono, kwa hiyo usitegemee mkono kukuambia. Ikiwa mbali mno, mche hurefuka, shina jembamba, rangi imefifia. Mwanga hafifu pia hufanya mche unywe maji kidogo, kikombe kisikauke, na tumerudi palepale kwenye mizizi.

Wadudu ni neno moja: geuza jani. Vidukari na utitiri hukaa mgongoni, na utitiri huacha vitone vidogo vya njano kama mtu aliyetoboa kwa sindano. Kama mgongo ni safi, endelea na mengine.

Ukishapata unachokishuku, badilisha kitu kimoja tu kisha subiri. Mimi hufunga kijiuzi chekundu, kwa kulegeza, chini ya jani jipya kabisa siku ninayofanya mabadiliko. Baada ya siku 7 hadi 10 naangalia yaliyotoka juu ya uzi. Yaliyo chini siyahukumu, maana jani kuukuu lililokwisha kuwa njano kabisa mara nyingi halirudi, na kulitazama kila siku kutakufanya uongeze mbolea ambayo haikuhitajika. Yaliyo juu ya uzi yakiwa kijani na yakipishana upesi, umepatia. Yakibaki njano, fungua uzi, jaribu kingine.

Ila ukikuta mizizi yote ni ya rangi ya chai na ganda linachomoka, usipoteze wiki tatu ukiuguza. Osha trei kwa maji ya sabuni, weka mchanganyiko mpya, sia mbegu nyingine leo. Nimewahi kuacha nusu ya trei niiuguze na nusu nikaisia upya kwa wakati mmoja. Siku ya kuhamishia nje, zile nilizosia upya ndizo zilizokuwa na shina nene.