Maswali na majibu ya sheria: Nilisaini mkataba wa usuluhishi, je, mama bado anaweza kudai fidia?

SWALI: Shikamoo, wakili. Mama yangu ana miaka 79, alipatwa na kiharusi, na tangu mwaka jana anaishi katika makao ya wazee hapa Dallas, Texas. Hajui Kiingereza. Mwezi uliopita alipelekwa hospitali akiwa na homa kali, na madaktari wakakuta kidonda cha kulalia juu ya makalio kilichofika mfupani, ilhali sisi tulikuwa tumeambiwa ni wekundu tu wa ngozi. Meneja wa makao anasema siku ya kumpokea nilisaini mkataba wa usuluhishi, kwa hiyo hatuwezi kushtaki. Mtu mmoja wa jumuiya yetu anayejiita mshauri wa sheria anasema mkataba huo ni batili chini ya sheria ya Texas, na kwamba nikimpa dola 1,500 atazungumza na makao walipe haraka bila mahakama. Nimsikilize nani? – Binti wa Tanga, Dallas

JIBU: Marahaba, binti, na pole kwa mama. Kidonda hakifiki mfupani kwa usiku mmoja, kwa hiyo sitakawia kwenye swali la kama kuna uzembe wa kuchunguzwa. Nitakaa zaidi kwenye ile karatasi, maana karibu kila familia inayofika ofisini kwangu na shauri la namna hii huwa imeshaambiwa ama kwamba karatasi hiyo imemaliza kila kitu, ama kwamba haina uzito wowote. Wewe umeambiwa yote mawili, na yote mawili si kweli.

Mkataba wa usuluhishi hauondoi dai; unabadilisha mahali linaposikilizwa. Badala ya jaji na juri ya raia, shauri linapelekwa faraghani mbele ya msuluhishi anayelipwa, na uamuzi wake ni vigumu sana kuukatia rufaa. Hizo ni kasoro kubwa, na ndiyo sababu makao mengi yanaupenda mkataba huo, lakini msuluhishi naye anaweza kuamuru fidia ilipwe. Meneja anapokuambia kwamba hamwezi kushtaki, anajua kwamba utasikia kuwa hamwezi kudai, na familia nyingi husikia hivyo, zikanyamaza mpaka muda ukapita.

Mshauri wako naye amesoma nusu. Ni kweli kwamba kifungu cha 74.451 cha sheria ya Texas ya mashauri ya madai kinamzuia mtoa huduma za afya kumtaka mgonjwa asaini mkataba wa usuluhishi usio na onyo la herufi nzito pamoja na saini ya wakili aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 2015, katika shauri la Fredericksburg Care Company dhidi ya Perez, Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba sheria ya usuluhishi ya shirikisho inakishinda kifungu hicho pale mkataba unapoangukia chini yake, na mikataba ya makao ya wazee kwa kawaida huangukia huko. Kifungu chenyewe hakikufutwa. Bado kimo vitabuni, na ndiyo maana picha yake huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na watu ambao hawajawahi kufungua hukumu hata moja. Mtu anayekutoza dola 1,500 kwa hoja iliyokwisha kukataliwa na mahakama ya juu kabisa ya jimbo ni kishoka, hata kama ni jirani mwema na anaongoza dua misibani.

Hoja yenye uzito ni nani alisaini na kwa mamlaka gani. Kuwa binti wa mgonjwa hakukupi peke yake uwezo wa kumfunga mama yako kwa mkataba. Kama ulikuwa na hati ya uwakilishi, hati hiyo lazima isomwe neno kwa neno, kwa kuwa ipo inayohusu maamuzi ya matibabu tu na ipo inayohusu mali na mikataba, na mahakama za majimbo kadhaa zimekataa kuichukulia ile ya matibabu kuwa ruhusa ya kuachia haki ya kusikilizwa na juri. Mawakili wa makao watajibu kwamba mama aliridhia kwa kuendelea kupokea huduma, na hapo mambo ya siku ile yataulizwa moja moja: nani alikuwepo, mama aliambiwa nini, kwa lugha gani. Kanuni ya shirikisho inayotumika tangu Septemba 2019 kwa makao yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, mipango ya serikali ya kulipia matibabu ya wazee na ya wenye kipato kidogo, inataka mkataba huo uelezwe kwa lugha anayoielewa mkaazi au mwakilishi wake, usiwe sharti la kupokelewa, na uweze kutenguliwa ndani ya siku 30. Kanuni ikivunjwa, mkataba haufutiki wenyewe, lakini wakili anayeijua kazi hii ataitumia. Kwa sababu hiyo andika sasa, kabla hujasahau, kila unachokumbuka kuhusu siku ya kusaini.

Kinachoua dai kweli ni ukomo wa muda. Kwa madai dhidi ya watoa huduma za afya, Texas inatoa miaka 2 tu, inayohesabiwa tangu uzembe ulipotokea au matibabu husika yalipokwisha, na usitegemee kwamba siku mlipogundua, au maradhi ya mama, yatasimamisha hesabu hiyo. Kabla ya kufungua shauri lazima makao yapewe notisi ya siku 60, ikiambatana na fomu ya idhini ya kutoa taarifa za matibabu iliyojazwa inavyotakiwa. Shauri likishafunguliwa na makao yakajibu, mlalamikaji ana siku 120 za kuwasilisha ripoti ya mtaalamu inayoeleza kiwango cha huduma kilichovunjwa na jinsi uvunjaji huo ulivyosababisha madhara. Akishindwa, makao yakiomba shauri lifutwe, linafutwa bila nafasi ya kulirudia, na gharama za wakili wa upande wa pili zinamwangukia yeye. Fidia ya maumivu na mateso nayo ina kikomo cha dola 250,000 kwa taasisi moja. Mawakili wengi hupiga hesabu ya gharama za wataalamu dhidi ya kikomo hicho na kukataa kesi, hivyo huenda ukabisha hodi katika ofisi kadhaa, nawe huna miezi ya kupoteza ukimsubiri mtu wa mazungumzo ya pembeni.

Wakati huohuo, omba kumbukumbu za mama kwa maandishi. Kanuni za shirikisho zinampa mkaazi au mwakilishi wake haki ya kuziona ndani ya saa 24, bila kuhesabu wikiendi na sikukuu, na kupata nakala baada ya taarifa ya siku 2 za kazi. Tafuta vipimo vya kidonda vya kila wiki na karatasi ya kumgeuza mgonjwa, ile inayotiwa alama kila baada ya saa kadhaa. Nimeona karatasi za aina hiyo zilizojazwa kwa kalamu moja na herufi zilezile za mwanzo za jina, mwandiko haubadiliki usiku wala mchana, mpaka kwenye siku ambazo mgonjwa alikuwa amelazwa hospitali. Ukurasa kama huo una nguvu kuliko picha ishirini za simu, ingawa picha nazo zihifadhi.

Peleka pia malalamiko kwa tume ya afya na huduma za jamii ya Texas (HHSC) na kwa mtetezi rasmi wa wakaazi wa makao ya wazee, ambaye huduma yake ni ya bure. Malalamiko hayo yanaweza kuleta wakaguzi, lakini hayasimamishi ile miaka 2 wala hayamletei mama fidia.

Narudi kwa vishoka, maana hawaishii kwako. Hupatikana kila penye wahamiaji wengi: mthibitishaji wa nyaraka anayejifanya wakili, mtafsiri wa hospitali mwenye kadi za biashara, mtu anayezifuata familia wodini kwa niaba ya ofisi ya sheria, jambo ambalo Texas inalihesabu kuwa kosa la jinai. Wanachokiita malipo ya haraka huja na karatasi ya pili, hati ya kuachilia madai yote, na hiyo, tofauti na ile ya usuluhishi, inaweza kweli kulimaliza dai. Hawakwambii kwamba Medicare na Medicaid zinaweza kudai zirudishiwe zilichotumia kutibu kidonda kutoka kwenye fedha hizo, wala kwamba mkaazi asiye na mwenzi anayelipiwa makao na Medicaid ya Texas kwa kawaida haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiasi kwamba hundi ya dola 10,000 iliyoingizwa benki bila mpango inaweza kumfanya apoteze malipo ya kitanda anacholalia. Wakili halali wa mashauri haya kwa kawaida hatozi kitu mwanzoni, hulipwa asilimia ya fidia kwa mkataba wa maandishi uliosainiwa na mteja, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe katika orodha ya chama cha mawakili wa Texas. Hati ya kuachilia madai ikikufikia, mpelekee ikiwa bado haina saini; na kama imeandikwa kwamba lazima irudishwe ndani ya siku tatu, hiyo ni tarehe ya makao, si ya sheria.